Mlinda Lango na Deni la Shukrani

Watoto wanapogawana timu katika kiwanja cha kijiji, kila mmoja hutaka kufunga mabao. Hakuna anayekimbilia langoni. Mwishowe hutajwa mmoja, mara nyingi mdogo kuliko wote au asiye na mbio, naye huambiwa: "Wewe simama pale." Akidaka mara kumi, wenzake huona kwamba ametenda yaliyompasa tu. Ukimpita mpira mmoja, wote humgeukia.

Hata hivyo wako watu waliosimama pale sehemu kubwa ya maisha yao. Wengi katika Kongo wamjua Robert Kidiaba, aliyelinda lango la TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2010 timu hiyo iliishinda Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Watu humkumbuka Kidiaba kwa kurukaruka kwa makalio kila wenzake walipofunga. Wachache hukumbuka mipira aliyodaka.

Basi yafaa kuuliza: mtu aliyelinda kwa miaka mingi, na kulipwa mshahara wake, je, anadaiwa bado kitu na watu? Au wakimpa kitu, ni zawadi tu, ambayo wangaliweza kuiacha bila kosa?

Huko Uingereza, Uskoti na Ireland iko desturi ya zamani. Mchezaji akiitumikia klabu yake miaka mingi, huandaliwa mchezo wa shukrani, na fedha za viingilio hupewa yeye. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake. Katika Uingereza, mpaka mwaka 1961, kanuni za mpira zilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma, hata kama maelfu ya watu walijaa kiwanjani kumtazama. Miguu ikichoka, wengi walirudi nyumbani bila akiba.

Mmoja wa waliofanyiwa mchezo wa namna hiyo ni Packie Bonner, mtu wa Donegal katika Ireland. Aliingia klabu ya Celtic ya Glasgow mwaka 1978, akiwa kijana bado, akaichezea zaidi ya mara 600. Mwaka 1990, katika Kombe la Dunia huko Italia, alizuia penalti ya Daniel Timofte wa Romania, na Ireland, iliyoshiriki kombe hilo kwa mara ya kwanza, ikafika robo fainali. Siku hizo timu ilipokewa na Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye ujanani mwake huko Poland alikuwa naye mlinda lango. Mwaka uliofuata, yaani 1991, Celtic na timu ya taifa ya Ireland zilicheza kwa heshima ya Bonner.

Hapo mtu mwenye kufikiri aweza kuona uchungu. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na Bruda Walfrid, Mmaristi mzaliwa wa Ireland, kusudi mapato ya mpira yawalishe watoto maskini wa mashariki ya Glasgow. Je, ni haki klabu iliyozaliwa kwa ajili ya wenye njaa impe fedha mtu mwenye mshahara? Hoja hii ni nzito, wala haiondolewi kwa kusema kwamba watu walifurahi siku ile.

Lakini yataka kutofautisha. Mshahara hulipa kazi inayohesabika: siku, saa, michezo. Uaminifu wa kubaki mahali pamoja miaka mingi hauhesabiki. Mkataba haukuutaja, kwa hiyo mkataba hauwezi kuulipa. Deni hilo lipo, ingawa hakuna baraza litakalomshtaki asiyelilipa. Na kwa kuwa hakuna wa kulidai, watu hulisahau kwa urahisi. Tena alipe yule aliyefaidika, kutoka mfuko wake mwenyewe, si kutoka sahani ya mtoto mwenye njaa. Walioingia kiwanjani mwaka 1991 walitoa kwa hiari yao, wakijua wanamtolea nani.

Naye anayepokea ana la kufikiri. Mwaka 2002 mtu mwingine wa Ireland, Niall Quinn wa Sunderland, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mabao wala si kulinda lango, alifanyiwa mchezo wa shukrani. Nyakati zilikuwa zimebadilika, na mishahara ya wachezaji ilikwisha kuwa mikubwa. Aliukubali mchezo, kisha akatoa mapato yake kwa ajili ya watoto wagonjwa. Alitenda vema kuliko kama angaliukataa, kwa maana anayekataa kushukuriwa huwaacha wenzake na deni lao.

Liko na jambo jingine. Tarehe 4 Julai 1994, huko Orlando katika Marekani, Wim Jonk wa Uholanzi alipiga mpira kutoka mbali. Ulimfikia Bonner mikononi, ukamponyoka, ukaingia langoni. Ireland ilishindwa mabao 2 kwa 0, ikatoka katika Kombe la Dunia. Je, wale waliomshukuru miaka mitatu kabla walidanganyika? La. Hawakununua ahadi ya kwamba hatakosa kamwe. Walishukuru kwa yaliyokwisha kutendwa, na kosa la baadaye haliwezi kuyafanya yasiwe yametendwa.

Katika vijiji vya barabara ya Nyankunde kwenda Bunia, kama kwingineko, waweza kumkuta mzee alindaye shule usiku. Mbuzi wakiingia bustanini, jina lake hutajwa asubuhi ile ile. Usiku mwingine wote, mvua ikinyesha na shule ikawa salama, hakuna amtajaye. Yeye hana kiwanja wala viingilio. Siku atakapoacha kazi, wazazi wakimletea mihogo, maharagwe au jogoo, wasimwambie kwamba wamekuja kumsaidia.