Je, Ni Halali Kuua ili Kuhesabu?

Mtaalamu atakaye kujua ni wadudu gani waishio katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, ambayo tangu mwaka 1968 ni mbuga ya taifa na ambayo sifa zake zote zimekwenda kwa heroe na vifaru, hutega baina ya migunga hema jepesi la wavu, lililobuniwa na Mswidi René Malaise katika miaka ya 1930. Na mdudu arukaye, akigonga pazia la katikati, hupanda kuifuata nuru, kama ilivyo tabia yake, hata akafika kileleni penye chupa ya spiriti, akafa.

Hema halichagui, na hapo ndipo penye mushkili. Imepokewa katika Hadithi za Bukhari na Muslim kwamba Nabii mmoja wa kale aliumwa na chungu, akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe moto, na Mola akamlaumu kwa kuuteketeza umma umsabihio kwa kosa la mmoja. Wavu wa mkono humtwaa mmoja. Hema hutwaa kijiji.

Asemaye kwamba picha zatosha hajapata kumtazama nyigu aliye mdogo kuliko punje ya mtama, ambaye jina lake halithibitiki ila kwa kuhesabu pingili za vipapasio vyake chini ya hadubini. (Kipepeo, naam, apigwe picha aende zake.) Tena tusiowajua tutawateteaje? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda, yakalifunika lango kuu la mbuga na kuiua migunga ya ufukweni, ikabaki imesimama mikavu majini. Na viumbe waliokaa katika magome yake, ikiwa hawakuandikwa kabla, wamekwenda bila hata wa kuwaulizia.

Kwa rai yangu, uhalali umo katika kile kijikaratasi kichomwacho katika pini moja na mdudu, chenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Akiwa nacho, mdudu huyo atatoa ushahidi hata baada ya karne. Asipokuwa nacho, ni maiti tu. Lakini kijikaratasi hakijiandiki, na kuchambua mavuno ya hema ni kazi ya miezi. Basi mwenye kujaza chupa kumi, hali ajua fika kwamba ana wasaa wa kuchambua mbili, zile nane zitakazokaa kabatini mimi sina fatwa ya kuzitetea.