Roboti Ndogo na Haki ya Mpwa

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, saa tatu usiku, na kama ilivyo ada ya London katika majira hayo, mwanga ulikuwa haujaondoka dirishani. Nilikuwa nimeketi katika chumba ninachopanga Walthamstow, nikipiga msasa kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa bega la roboti. Simu ikatetema. Dada yangu anayenifuata kwa kuzaliwa, aliyeko Tanga, alinijulisha kwamba binti yake amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni mkoa wa mbali. Yalihitajika godoro, sare, ndoo, madaftari na nauli. Jumla, aliandika, ni kama shilingi laki mbili na nusu. Akamalizia: “Kaka, ukiweza. Usipoweza nitaelewa.”

Nilitazama meza yangu. Palikuwa na kisanduku cha roboti kilichofika juma lile, chupa saba za rangi, koleo dogo la kukatia na brashi mpya mbili. Nilipiga hesabu kichwani: vilikaribia pauni 70, yaani karibu kiasi kilekile alichoniomba. Nikamwandikia: “Mwezi huu hali ngumu, mdogo wangu.” Kisha nikarudi kwenye bega la roboti.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali ambalo huenda wengi walio ughaibuni wamejiuliza kwa sura nyingine, ama juu ya kamera, ama viatu, ama tiketi ya mpira. Je, mtu mzima ana haki ya kufurahia kitu kisicho na faida yoyote ilhali jamaa yake ana haja? Na je, ikiwa kitu hicho amekifanyia kazi kwa mikono yake, jibu hubadilika?

Yafaa kwanza nieleze vitu vyenyewe, kwa kuwa msomaji anaweza kudhani nazungumzia wanasesere wa watoto. Mwezi wa Aprili 1979 runinga ya Japani ilianza kuonyesha katuni iitwayo Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino. Roboti wa katuni zilizotangulia aghalabu walikuwa mashujaa wasioshindwa. Wa Tomino walikuwa zana za vita tu, zinazoishiwa risasi na kuharibika, zikiendeshwa na vijana walioogopa. Watazamaji walikuwa wachache, na katuni ikakatishwa kabla ya idadi ya vipindi iliyokusudiwa. Lakini mwezi Julai 1980 kampuni ya Bandai ikatoa roboti ya plastiki ya kuunganisha, kwa kipimo cha 1 kwa 144, iliyouzwa yeni 300. Mashine ambayo katika hadithi ina kimo cha mita 18 ikawa na kimo cha sentimita 12 na nusu. Hapo ndipo katuni iliyokwisha kufa ilipofufuka, na ilifufuliwa na mikono ya watu waliokaa mezani wakiunganisha vipande.

Roboti hizi huja zikiwa vipande vilivyoshikana katika fremu. Mtu aweza kuviunganisha kwa jioni moja na kuridhika. Wapo lakini wasioridhika. Hukata, hukwangua, hubadilisha miguu ya moja kwa mikono ya nyingine, hupaka rangi upya, kisha juu ya rangi safi hupaka kutu na vumbi vya kubuni, ili roboti ionekane imepita vitani. Mimi ni miongoni mwao. Ile ya usiku ule niliipaka rangi ya mbao iliyopigwa na chumvi, na kifuani nikaichorea jicho, kama macho waliyokuwa wakiyatia mafundi wa Lamu kwenye omo za vyombo vyao ili chombo kiione njia.

Kazi hii ya kukigeuza kitu cha wote kiwe chako tuiiteje kwa Kiswahili? Wafasiri wa programu za kompyuta wametupa neno: kubinafsisha. Lakini neno hilo tulilijua zamani kwa maana nyingine. Katika miaka ya 1990, Tanzania ilipoanza kuuza mashirika ya umma, redio ilituimbia ubinafsishaji asubuhi na jioni. Baba yangu alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja pale Tanga. Kiwanda kikabinafsishwa, mashine zikanyamaza, naye akarudi nyumbani na bahasha. Nyumbani kwetu neno lile lilikuwa na ladha ya bahasha ile. Na ndani ya neno hilohilo limekaa neno jingine, ubinafsi, ambalo hakuna mzazi wa Kiswahili anayelitamka kwa kusifu. Lugha yetu, basi, imekiweka kitendo changu cha mezani katika ukoo mmoja na mnada wa mali ya umma na tabia ya mtoto asiyegawa muhogo wake. Je, lugha imenionea, au imeniona?

Mtetezi wa kwanza niliyemwita alikuwa John Locke. Katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1689, Locke alidai kwamba mtu huanza kumiliki kitu pale anapokichanganya na kazi yake. Tunda la mwituni ni la wote mpaka mtu alichume. Niliipenda hoja hii, kwa sababu ilinisitiri. Roboti iliyotoka dukani haikuwa yangu kwa dhati, ilikuwa yangu kwa risiti tu. Baada ya saa arobaini za msasa na rangi, ikawa yangu kama vile tunda lilivyo la mchumaji. Nani angenidai?

Hoja haikudumu. Kwanza, Locke mwenyewe aliweka masharti: mchumaji asichukue kiasi cha kuoza, na awaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Chini ya kitanda changu palikuwa na visanduku vitatu ambavyo sikuwa nimevifungua, nilivyonunua kwa hofu kwamba vitaadimika na bei itapanda. Plastiki haiozi, lakini kitu kilichonunuliwa ili kisiguswe kimeoza kwa namna yake. Pili, mtetezi wangu mwenyewe alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya London iliyosafirisha watu kutoka Afrika Magharibi kwenda utumwani. Aliyetufundisha kwamba jasho ndilo hati ya mali alipata faida kwa watu walionyang’anywa jasho lao. Sisemi kwamba dhambi ya mtu huifanya hoja yake kuwa ya uongo. Nasema inatuonya kwamba hoja ya jasho langu ni nyepesi sana kusahau jasho la wengine. Nauli ya kwanza iliyonileta Uingereza ilitoka katika mauzo ya vitumbua vya mama na ng’ombe wa mjomba. Ukianza kuchanganua kazi iliyochanganyika na roboti yangu, utakuta mikono mingi kabla ya wangu.

Upande wa pili alisimama mwendesha mashtaka mkali zaidi. Mwaka 1972 Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alichapisha makala iliyochochewa na dhiki ya wakimbizi wa Bengal. Alitoa mfano uliopata umaarufu: ukipita kando ya kidimbwi na kumwona mtoto anazama, utaingia majini bila kujali nguo zako kulowa. Basi, kama ni wajibu kuokoa kwa gharama ndogo, kuna tofauti gani mtoto akiwa mbali? Kwa hoja hiyo, kila chupa ya rangi mezani pangu ni nguo niliyokataa kuilowesha.

Nimeisoma hoja hii mara nyingi na sijaona mahali ilipokosea hesabu. Hata hivyo ina kitu ambacho hakifanani na maisha ninayoyajua. Mtoto wa kidimbwini hana jina, na mpita njia hana historia naye. Mpwa wangu si mtoto wa kidimbwini. Ananiita mjomba, na kwetu neno hilo ni cheo chenye majukumu. Tena, mama yake hakuwahi kunidai nisiwe na furaha yangu. Jamaa si mkusanya kodi anayefuata kila senti. Waliotulea walijua kwamba mtu asiyecheza kamwe huwa hatari kwa wenzake. Sisi wenyewe tulipokuwa watoto tuliunda magari ya waya, magurudumu tukichonga kwa kandambili zilizokatika, na usukani tukiufunga kwenye fimbo ndefu ili tuendeshe tukiwa tumesimama wima. Hakuna mzazi aliyetuuliza faida yake. Walichotuuliza ni kimoja tu: waya umetoka wapi? Kwa sababu siku moja waya ulikuwa umetoka kwenye kamba ya nguo ya jirani.

Swali hilo la wazazi, nadhani, lina hekima kuliko hoja zote mbili. Halikatazi mchezo, wala haliusafishi kwa kuuita kazi. Linataka asili ya waya ijulikane.

Siku moja nilikwenda Bethnal Green, kwenye jumba la makumbusho ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho ya utoto na ambalo mwaka 2023 lilifunguliwa upya kwa jina la Young V&A. Nilisimama mbele ya vichezeo vilivyowekwa nyuma ya vioo. Mtoto mmoja alibandika kiganja chake kwenye kioo na kukiacha pale. Nikafikiria visanduku vyangu vitatu chini ya kitanda. Makumbusho yana sababu ya kuweka kioo, maana yanatunza kwa ajili ya wengi na ya wajao. Mimi nilikuwa nimeweka kioo kwa ajili ya nani? Nilikuwa naficha tu.

Hapo nikaelewa kwamba muda wote nilikuwa najitetea kwa kosa ambalo silo. Kosa halikuwa roboti. Kosa lilikuwa ile sentensi: “Mwezi huu hali ngumu.” Kama ningemwandikia dada yangu kwamba fedha ninazo lakini nimezitia katika mchezo wangu, angeweza kukasirika, kucheka, kunisihi au kunisamehe. Angekuwa mtu mbele yangu. Kwa uongo ule nilimpokonya nafasi ya kupima, nikapima peke yangu, nikajitolea hukumu, na jalada nikalifunga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku zote nilidhani methali hii inahusu biashara. Sasa naona inahusu pia daftari ambalo mtu amelificha wenziwe. Ubinafsi, kwa maana lugha yetu iliyoikusudia, hauko katika kuwa na kitu cha nafsi yako. Uko katika kuifanya hesabu inayowahusu wengine kuwa ya nafsi yako pekee. Ndivyo pia kilivyotuuma kile kiwanda: zaidi ya kuuzwa kwake, baba na wenzake walipata habari siku ya bahasha.

Msomaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba ukweli haununui godoro. Ni kweli. Nilipompigia simu dada yangu baada ya majuma mawili na kumweleza yote, alikuwa amekwisha kukopa kwenye kikoba chao, na riba ilikuwa imeanza kuhesabiwa. Uongo wangu ulikuwa na bei, na bei hiyo aliilipa yeye. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Mangapi?” Nikamwambia kumi na nne. Akaniambia nimtumie picha. Nilipotuma ile yenye jicho kifuani, akajibu: “Kama baba na maredio yake. Hili nalo halisemi?”

Nilikuwa nimesahau. Baada ya kiwanda kufungwa, baba alikusanya redio mbovu, akazifungua barazani na kubadilishana viungo vyake, moja ikiazima moyo wa nyingine. Zilikuwa saba, na sikumbuki hata moja iliyosema. Mama alilalamika kuhusu gharama ya risasi ya kulehemu, lakini alilalamika akiwa ameketi palepale barazani, akiona kila kilichonunuliwa. Baba hakuficha hata nati moja.

Vile visanduku vitatu niliviuza vikiwa bado vimefungwa, na deni la kikoba likalipwa pamoja na riba yake. Zile nilizozifanyia kazi nimebaki nazo, na sitadai kwamba nina haki nazo kwa jasho langu. Ninazo kwa sababu dada yangu anajua kwamba ninazo. Mwezi uliopita aliandika kuhusu mahitaji ya muhula, nami nikamjibu kwa tarakimu: ninacho kiasi hiki, kodi ya nyumba ni hii, na hii ni ya rangi. Alikubali mbili za kwanza. Ya tatu tunaijadili bado.