Hofu ya Kusomwa Moyo

Likizo ya Desemba kijana wangu alirudi nyumbani na flashi iliyojaa tamthilia za Kimarekani. Mojawapo aliyoipenda sana inaitwa Babylon 5. Ni ya zamani kidogo. Ilioneshwa kati ya 1994 na 1998, na aliyeibuni, J. Michael Straczynski, aliweka habari zake katika kituo kikubwa cha angani, zaidi ya miaka mia mbili kutoka sasa. Mambo ya vyombo vya angani hayanivutii, na jioni ya kwanza nilisinzia nusu nzima. Kilichoniamsha ni watu wa aina moja waliomo humo: wale wanaozaliwa na uwezo wa kusikia mawazo ya wenzao.

Katika jamii hiyo, mtu akigundulika ana uwezo huo sheria inampa njia tatu tu. Ajiunge na chombo kinachoitwa Psi Corps, ambacho kitampa beji na glavu nyeusi za kuvaa mbele za watu, na kumchagulia hata wa kuoana naye. Akikataa, achomwe sindano za dawa ya kuulaza uwezo huo maisha yake yote. Akikataa na hilo, gereza. Wakati huohuo wafanyabiashara huwakodi watu haohao wakae katika mapatano yao, waseme nani anadanganya. (Nilicheka hapo. Nilimwaza mmoja wao amekaa pembeni siku mkulima wetu anapouza kahawa ikiwa bado maua, kwa mtindo wa butura, na mnunuzi anaapa kwamba kwa bei hiyo yeye hapati kitu.)

Yumo afisa mmoja, Susan Ivanova. Mama yake alikuwa na uwezo huo, akachagua sindano ili abaki na familia yake. Dawa ilimla kidogo kidogo, ikamwondolea furaha yote, mwishowe akajiua. Binti akakua akiichukia Psi Corps na kukataa katakata mtu yeyote aingie moyoni mwake. Baadaye tunaijua sababu nyingine: naye anao uwezo huo, kiasi kidogo tu, na anauficha.

Hapo nilisimama nikatoka nje. Nilikuwa nimemkumbuka mama mmoja wa kitongoji chetu, hapa Kyerwa.

Alikuwa mjane, na watu walisema "anajua". Akikutazama, ilisemekana, anajua umetoka wapi na unakwenda kwa nani. Hakuwa omufumu, hakupiga ramli wala hakupokea fedha ya mtu. Alikuwa na macho mekundu, kama yanavyokuwa macho ya mwanamke aliyepikia kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Watoto walifundishwa kutomtazama usoni.

Usidhani glavu na beji ni mambo ya angani tu. Sheria yetu ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya Waingereza na ambayo imebaki katika vitabu vyetu kama Sura ya 18, inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru mtu anayeshukiwa kufanya uchawi akae mahali maalumu na awe anaripoti kila baada ya muda. Yaani anayeogopwa ndiye anayehamishwa. Na hiyo ndiyo njia ya upole. Huko Mwanza, Geita na Shinyanga wanawake wazee wengi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho kama ya yule mama.

Katika semina zetu za kanisa tunawatetea kwa hoja moja: uchawi haupo, macho hayo ni moshi, acheni ujinga. Kwa upande wangu naiona hoja hiyo ni ya kweli. Lakini nimeifundisha miaka mingi na nimeona inavyogonga ukuta. Anayeamini kwamba jirani yake ana nguvu za siri anakusikiliza kwa heshima, anasema amina, anarudi nyumbani na hofu yake nzima mfukoni. Tena hoja hiyo ina mlango uliobaki wazi, kwa maana ni kama inakubali kwamba uchawi ungekuwepo, panga lingekuwa halali.

Tamthilia ile inaufunga mlango huo. Humo uwezo ni wa kweli, hakuna ubishi, mtazamaji anauona kwa macho yake. Na bado ukimfikiria mama yake Ivanova akichomwa sindano, unajua kwamba anatendewa dhambi. Basi swali si kama yule mjane alijua au hakujua. Tuseme alijua. Tuseme alisikia kila neno lililokuwa moyoni mwangu. Alikuwa amenikosea nini?

Maandiko nayo hayalikwepi swali hili. Katika Wafalme wa Pili sura ya 6, Elisha anayajua maneno ambayo mfalme wa Shamu anayasema chumbani mwake mwa kulala, na kumpelekea habari mfalme wa Israeli. Tuwe wakweli, mfalme wa Shamu alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa vita vyake vyote vilikuwa vinavuja. Angalia anavyofanya. Kwanza anawashuku watumishi wake mwenyewe. Kisha anapeleka farasi na magari usiku kuuzunguka mji mzima wa Dothani, kwa ajili ya mtu mmoja asiye na upanga. Elisha angeishi katika tamthilia ile angevishwa glavu, na angeishi kwetu sijui. Mwisho wa habari jeshi hilo limo mikononi mwake, na mfalme wa Israeli anauliza kama awapige. Elisha anaagiza wapewe chakula na maji, warudi kwao.

Na yuko mwanamke wa Endori, katika Samweli wa Kwanza sura ya 28. Siitetei kazi yake; Torati iliikataza na Kanisa linaikataza. Lakini mtazame anayebisha hodi usiku. Ni Sauli, aliyewafukuza watu wa namna hiyo nchini, amevaa nguo za kujigeuza. Mchana anawafukuza kwa amri, usiku anawatafuta. Serikali yetu ilipopiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, nilijiuliza ni wangapi kati yetu tuliopiga makofi tulikuwa tunaijua njia ya kwenda kwao gizani.

Mimi niliijua. Mtoto wetu alipokuwa mdogo alipatwa na degedege, na dawa za zahanati zilipoonekana kuchelewa, nilitoka usiku nikavuka vilima viwili kwenda kwa mganga. Nilikuwa tayari mzee wa kanisa. Alfajiri nikirudi nilikutana na yule mjane njiani na ndoo yake ya maji. Alinisalimu, akauliza, "Mtoto amelalaje, mwanangu?" Hakukuwa na muujiza wowote, kitongoji kizima kilijua mtoto anaumwa. Lakini nilihisi nimevuliwa nguo. Tangu siku ile nilibadilisha njia nilipomwona kwa mbali.

Kila Jumapili tunaungama makosa ya mawazo pamoja na ya maneno na matendo. Tunayasema hayo kwa wepesi, nadhani, kwa kuwa tunajua asikiaye ni Mungu peke yake, na aliyekaa nasi kwenye benchi hasikii. Mwanamke wa Samaria aliambiwa maisha yake yote na mgeni kando ya kisima, akauacha mtungi wake na kwenda kuwaita watu. Mimi niliulizwa hali ya mtoto, nikakimbilia upande wa pili.

Miaka michache baadaye mambo yaliharibika kitongojini. Ng'ombe walikufa, kijana mmoja akafa ghafla, likaitishwa kusanyiko la kura ya siri. Kura za namna hiyo si ngeni Kanda ya Ziwa. Mwaka 2009 serikali yenyewe iliziendesha ili wananchi waandike majina ya wanaowashuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Sisi tulipewa vipande vya daftari tuandike anayesumbua kijiji. Niliandika jina la yule mama. Sikuamini kwamba ameua ng'ombe wala mtu. Niliamini kwamba anajua nilikokwenda usiku ule.

Majina mengi yalikuwa lake. Hakuna aliyemgusa, namshukuru Mungu, lakini kabla ya wiki kwisha binti yake alikuja kumchukua wakaenda upande wa Kayanga. Wakati huo yote ilikuwa wilaya moja ya Karagwe. Tangu 2012 ni wilaya mbili, nami nilijificha nyuma ya mpaka huo kana kwamba ni bahari.

Januari, kijana aliporudi chuoni, nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, haoni vizuri tena, lakini aliijua sauti yangu. Nilipewa buni za kutafuna kama mgeni anavyopewa, kisha ndizi na maharage. Nilisubiri binti yake atoke, nikamwambia, "Mama, siku ya zile kura, karatasi moja ilikuwa yangu."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza yule mtoto wa degedege yuko wapi siku hizi. Nikamwambia yuko chuo, mwaka wa pili. Akaitikia kwa kichwa, akapapasa mbele yake mpaka akaupata mwiko, akaniongezea ndizi.