Popo, Nyangumi na Jirani

Vijana wa kipaimara wanaposoma Mambo ya Walawi sura ya 11 huuliza: mbona Biblia inamtaja popo pamoja na ndege, na shuleni tumefundishwa kwamba ni mamalia? Je, Musa alikosea?

Swali hili lisitutie hofu. Kila anayepanga viumbe katika makundi anajibu swali fulani. Walawi inauliza kipi kiliwe na kipi kisiliwe, kwa hiyo inavipanga kama mtu anavyokutana navyo: virukavyo, vitambaavyo, vyenye mapezi na magamba. Mwanasayansi anauliza jambo jingine: viumbe hivi vina undugu gani? Kwake silikanti, samaki wa kale anayepatikana hata Tanga, yuko karibu zaidi na wanyama wa miguu minne kuliko na jodari. Kwa mvuvi, wote wawili ni samaki. Hakuna aliyedanganya.

Basi uongo huanzia wapi? Tumtazame Carl Linnaeus wa Uswidi, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, aliyeweka msingi wa upangaji huu wa kisayansi. Mwaka 1758, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, alimtoa nyangumi katika samaki akamweka katika mamalia. Alikuwa na sababu: nyangumi ana damu ya moto, anapumua kwa mapafu, ananyonyesha. Alikubali kusahihishwa na kiumbe chenyewe.

Lakini kitabu hichohicho kiliwagawa wanadamu kwa mabara, kikamwandika Mwafrika kuwa mjanja, mvivu na mzembe. Linnaeus hakuwahi kukanyaga Afrika. Rangi ya ngozi huonekana kwa macho. Uvivu wa bara zima, nani ameuona? Hapo aliacha ushahidi akaandika uvumi. Nyangumi alitendewa haki ambayo mwanadamu alinyimwa.

Tusimnyooshee kidole upesi. Hata sisi, tukitoka ibadani, husema: kabila lile ni wezi, vijana wa bodaboda ni wahuni, bibi yule mwenye macho mekundu ni mchawi. Wako vikongwe waliouawa kwa neno hilo la mwisho. Amri ya 8 inakataza kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimu imetufundisha kwamba haiishii mahakamani: inatudai tumtetee jirani na kumnenea mema.

Katika Mwanzo sura ya 2, Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu ndipo akawapa majina. Alitaja aliowaona. Na alipoletewa mwenzake, kabla ya kumpa jina alikiri kwanza undugu: huyu ni mfupa na nyama yangu. Utaratibu huo unatutosha hata leo. Kabla hujamwita mtu jina lolote, mwone kwanza. Na kabla ya yote, kiri kwamba ni ndugu yako.