Muda wa Dola Aujuaye ni Mola

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa ufalme na kuuondoa. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa Kirusi, jina lake Igor Panarin, alisimama katika mkutano mjini Linz, nchi ya Austria, akatoa habari kwamba dola ya Marekani itavunjika mwaka 2010. Sababu alizozitaja ni wingi wa wahamiaji, udhaifu wa mali na kuharibika kwa tabia. Hayo yatazaa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nchi igawanyike mapande sita. Mwaka 2008, mabenki makubwa ya Marekani yalipotetereka, maneno hayo yakachapwa magazetini hata huko Marekani kwenyewe. Mwaka 2010 ukaja, ukapita, na majimbo yote hamsini yakabaki chini ya bendera moja.

Je, mtu huyu alikuwa kuhani? Wanavyuoni wamepambanua mambo mawili. Kudai kujua ghaibu ni haramu, na amwendeaye kuhani akamwuliza, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi, kama ilivyothubutu katika Sahihi ya Muslim. Ama kutazama alama na kukisia kwa ada iliyozoewa, kama nahodha atazamavyo mawingu, hakuna ubaya. Lakini nahodha mwenye akili haitajii tufani siku yake. Panarin alianza kama nahodha, akaishia kama kuhani.

Na iko ila ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ni hawaa. Katika mapande yale sita, Alaska aliirudisha kwa Urusi. Na Alaska Warusi wenyewe waliiuza kwa Marekani mwaka 1867. Tena alikwisha kuiona dola ya Sovieti ikivunjika mwaka 1991, akampimia jirani kwa pishi ya nyumbani kwake. Mtu akitamani jambo, huliona karibu.

Mizani iliyo sawa ni ile ya Amr bin al-As (R.A.). Walipotajwa Warumi mbele yake, nao ni maadui aliopigana nao Sham na Misri, alitaja wema wao: upole wakati wa fitina, wepesi wa kuzindukana baada ya msiba, wepesi wa kurudi vitani baada ya kukimbia, ihsani kwa maskini na yatima na wanyonge, na kuwazuia wafalme wasidhulumu. Habari hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Hayo hayakuwa mapenzi kwa dini yao, bali ni uadilifu. Na dola ya Warumi ilidumu baada yake karibu miaka mia nane, hata Konstantiniya ilipofunguliwa mwaka 1453.

Marekani nayo ilipasuka kweli mwaka 1861, watu wake wakauana hata mwaka 1865, kisha ikashikamana tena. Hilo nalo lina uzito wake katika mizani. Wala asiseme mtu kwamba haitaanguka kamwe: kila umma una muda wake, na dhuluma na riba huila dola kama mchwa alavyo boriti.

Basi na ajitazame yule akaaye barazani baada ya Alasiri akifurahi, “Wanakwisha hao!” ilhali deni lake mwenyewe linazaa riba, na mwanawe hajaonekana chuoni tangu mfunguo mosi. Huko Marekani wamo Waislamu kwa mamilioni, na paa liangukapo halichagui vichwa. Siku ya Kiyama hataulizwa Marekani itaanguka mwaka gani. Ataulizwa umri wake ameumaliza katika nini, na mali yake ameichuma wapi na ameitumia katika nini.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.