Mla Ngisi Aliyeumbuliwa na Tumbo

Mwaka 2010, huko Xingyi katika jimbo la Guizhou, kusini-magharibi mwa China, ilifukuliwa mifupa ya ikthiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye mapezi badala ya miguu, urefu wake karibu mita 5. Alikuwa amelala mwambani miaka milioni 240 hivi.

Meno ya jamaa huyu yalishatolewa hukumu. Ni madogo kiasi, ncha zake butu, hayana makali ya kukatia. Nyama ya mnyama mkubwa angeikata na nini? Basi akaandikwa mla ngisi, kesi ikafungwa.

Tumboni mlikuwa na fungu la mifupa isiyo yake: kiwiliwili cha thalatosauri, mtambaazi mwingine wa baharini, ambaye akiwa hai alifikia mita 4 hivi. Kichwa hakipo, mkia haupo. Kimemezwa kipande cha katikati, na baadhi ya mifupa ya viungo ingali imeshikana. Tindikali ya tumbo haikuwahi kuila, kwa hiyo mlaji alikufa punde tu baada ya kumeza.

Da-Yong Jiang wa Chuo Kikuu cha Peking, Ryosuke Motani wa California na wenzao walitangaza haya mwaka 2020. Mbishi angesema mnyama aliokota mzoga. Ila mzoga unaooza majini kwa kawaida hupukutika miguu kwanza, mkia baadaye. Huyu aliyemezwa miguu anayo, mkia ndio ulionyofolewa.

Na meno butu? Mkazi yeyote wa kando ya Rufiji angewajibu wataalamu bila darubini. Mamba naye hana meno ya kisu. Yake ni ya kushikia: anang'ata, anabana, kisha anajizungusha majini mpaka kiungo king'oke.

Sisi wasimulizi tuna mtego wetu hapa. Mlaji amekufa na tonge tumboni, na ulimi unawasha kusema ulafi ndio uliomuua. Hiyo ni ngano tamu, lakini ni kosa lilelile la wasoma meno: mfupa mmoja, hukumu nzima. Kilichomo mwambani ni mlo na kifo, vimekaa karibu.

Na mkia. Mita 23 kutoka hapo ulipatikana mkia wa thalatosauri.