Ukingo Mweupe wa Jani

Pelagonia yenye majani ya kijani yaliyozungukwa na ukingo mweupe hupendwa bustanini kwa ajili ya ukingo ule. Lakini weupe huo ni upungufu. Hauna klorofili, basi hauwezi kujitengenezea chakula. Hula jasho la kijani kilicho katikati. Mwaka 1909 Erwin Baur, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kuwa mmea wa namna hii una nasaba mbili za seli zikuazo katika mwili mmoja.

Jua likizidi, weupe huungua kwanza. Mwanga ukipungua, kijani hutaabika kulisha pande mbili. Pengine huchipuka tawi la kijani kitupu, nalo, kwa kuwa halina wa kulisha, huyapita mengine yote. Mtunza bustani hulikata: tawi lenye afya kuliko yote hufa kwa kosa la kutokuwa na doa.

Je, ametenda dhuluma? Amlaumuye na atazame kwanza kipimo chake. Ikiwa kazi pekee humpa kiumbe haki ya kuishi, ukingo mweupe hauna haki, wala mtoto mchanga, wala mzee. Kweli, mtoto atakua; ukingo hautakuwa kijani kamwe. Mzee ndiye mfano mgumu. Mwenye mkasi hakuwaza hayo. Alipenda weupe, na kwa ajili yake akakata nguvu.